Umekutana na mmea usio na jina? Namna ya kuuelezea kama spishi mpya, hatua kwa hatua

Kila wiki naletewa picha za maua na swali lile lile: hili sijawahi kuliona popote, apu ya simu imegoma kulitambua, je ni spishi mpya? Alafu yanafuata mengine, naruhusiwa kuliita jina la mama yangu, lazima nipime DNA, nitangaze wapi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo manake hatua zote zinalizunguka. Msituni unakutana na mmea usioujua wewe. Kama haujulikani na mtu yeyote duniani, hilo linaamuliwa mezani, ukiwa umeuweka pembeni ya ndugu zake wote wenye majina ukaona hauingii kwa yeyote. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutafuta jina lililopo na kulikosa. Apu kushindwa si ushahidi wa chochote, apu zimefundishwa kwa picha, na mimea kibao ya tropiki haina hata picha moja nzuri mtandaoni.

Pia usidhani spishi mpya zimejificha kwenye misitu isiyofikika tu. Kila mwaka spishi kama 2,000 za mimea zinapewa majina, na nyingi zilishakusanywa zamani zikawekwa kabatini kwa jina la spishi nyingine. Yungiyungi lile kubwa la Bolivia, Victoria boliviana, ambalo jani lake linapita mita 3, lilitangazwa 2022 wakati sampuli yake ilishakaa hebariamu (kwa asiyejua, ni maktaba ya mimea iliyokaushwa) ya Kew, Uingereza, miaka 177 watu wakiamini ni spishi nyingine inayojulikana. Utafiti mmoja wa 2010 ulikuta ni spishi 16 tu kati ya kila 100 ndo zilipata jina ndani ya miaka 5 tangu zikusanywe, na karibu robo zilitokana na sampuli zenye zaidi ya miaka 50. Kwahiyo hata kama huna uwezo wa kusafiri kwenda porini, hebariamu ni pori tosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vibali. Narudia, vibali. Nitavieleza hatua ya kwanza.
- Mkasi wa kupogolea, na wa mti mrefu uwe na mpini mrefu
- Presi ya mimea: mbao mbili, kadibodi, magazeti ya zamani, mikanda ya kukazia
- Lenzi ya mkononi ya mara 10. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hii
- Daftari na PENSELI. Wino ukilowa umepoteza safari nzima
- GPS au simu inayosoma mwinuko na koodineti
- Chupa ndogo zenye alkoholi ya asilimia 70 kwa ajili ya maua, na vifuko vyenye jeli ya silika (chembe zinazofyonza unyevu) kwa vipande vya majani
- Rula ya milimita, sindano mbili nyembamba, na mahali utakapoweza kutumia hadubini ya kupasulia
- Mtu wa hebariamu anayekufahamu. Mtafute kabla ya kuingia porini, mwambie unachotaka kufanya, manake mwisho wa siku sampuli zako zitaishia kwake

1. Maliza vibali kwanza

Unahitaji ruhusa ya kukusanya, ruhusa ya mwenye eneo (hifadhi, kijiji, mtu binafsi) na kama sampuli itavuka mpaka unahitaji karatasi za kuisafirisha. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida zitokanazo na viumbe vya nchi, ilianza kufanya kazi Oktoba 2014 na nchi nyingi za tropiki zimeiingiza kwenye sheria zao, kwahiyo suala la nani kanufaika na mmea wa wapi si la kupuuza. Okidi zote zipo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hata kama hiyo yako haina jina bado, familia nzima imo.

Majarida mengi ya kisayansi, utakakochapisha, siku hizi yanauliza namba ya kibali. Nimeona kazi nzuri kabisa imekaa kwenye droo kwasababu mkusanyaji aliingia msituni kienyeji na sasa hana cha kuonyesha.

2. Kusanya sampuli inayojieleza yenyewe

Tawi lenye majani, maua na kama yapo matunda, vyote kutoka mmea mmoja. Lienee kwenye karatasi ya takriban sm 42 kwa 28, likizidi likunje kama V au N, usilikate majani ili litoshe. Kama unapunguza majani acha vikonyo vyake vionekane ili mtu ajue palikuwa na jani. Kata nakala kadhaa toka mmea huo huo, tano hivi ni nzuri, ukiweza zaidi ni bora zaidi, utaona sababu kwenye hatua ya 10. Mmea ukiwa mdogo chimba na mizizi yake, ila hapo angalia kwanza upo mingapi. Wengi wetu tunatumia kanuni ya kutochukua zaidi ya mmoja kati ya 20, na ukikuta miwili mitatu tu basi kata tawi, piga picha, mmea uache uendelee kuishi.

Maua machache tia kwenye alkoholi. Kipande cha jani changa kisicho na ugonjwa tia kwenye silika siku hiyo hiyo, hata kama leo huna mpango wa DNA, baada ya miaka mitano utashukuru.

KOSA LA KAWAIDA: kukusanya majani matupu kisa yana umbo la ajabu. Machipukizi ya kisiki yana majani makubwa kupita kiasi, na mche wa mti mrefu unaweza kuwa na majani yasiyofanana kabisa na ya mama yake aliye pembeni. Bila ua au tunda huna pa kuanzia.

3. Andika kile ambacho gazeti litakiua

Ua likikauka rangi inakufa, linakuwa kahawia kama mengine yote. Harufu inapotea, utomvu unapotea, umbo la mti linapotea. Kwahiyo palepale ulipo, kabla hujafunga presi, andika: urefu wa mmea, gome likoje, ukikwaruza linatoa utomvu au la na rangi yake (mweupe, wa njano, wa maji), rangi ya kila sehemu ya ua na si "ua jeupe" tu, harufu, wadudu wanaolitembelea, unaota kwenye mwamba au kando ya maji au juu ya mti mwingine, umezungukwa na miti gani, mwinuko, koodineti, tarehe, na upo mingapi. Na ukikuta watu wa eneo hilo wana jina lao la mmea huo liandike kama wanavyolitamka pamoja na lugha yenyewe, mara nyingi wanatenganisha mimea miwili ambayo wataalamu wameichanganya kwa miaka.

Kila mkusanyo upe namba yako, 1, 2, 3 na kuendelea maisha yako yote, usianze upya kila safari au kila mwaka. Jina lako na namba hiyo ndo kitambulisho cha sampuli mpaka mwisho wa dunia. Mtu akiwa na 14 mbili anawasumbua watu ambao hata hawajazaliwa.

4. Kausha haraka

Kwenye joto na unyevu wa tropiki ukungu unaanza siku ya pili. Badilisha magazeti kila siku, weka presi juu ya joto la taratibu lenye hewa inayopita, usiipike. Majani yakianza kudondoka yenyewe ujue yamechelewa kukauka. Ukiwa mbali na umeme au jua hakuna, fungasha magazeti yenye sampuli kwenye mfuko mzito wa plastiki, mimina alkoholi mpaka yalowe, funga kabisa, utakausha ukirudi. Inasaidia sana ila ina gharama zake, majani yanabadilika rangi na DNA inaharibika, ndo mana silika inatangulia. Na andika kwenye lebo kwamba sampuli ilipitia alkoholi.

Kabla haijaingia hebariamu inagandishwa kwenye friza siku kadhaa kuua wadudu. Hii wanafanya wenyewe, we usishangae sampuli yako ikichelewa kuonekana.

5. Ijue familia, alafu jenasi

Hapa usikimbilie spishi. Familia ni kundi kubwa, jenasi ni kundi dogo la spishi ndugu ndani yake. Kuna familia mia nne na ushee za mimea ya maua (mfumo wa APG IV wa 2016, unaopanga mimea ya maua kwa familia, unazo 416), lakini msituni utakutana na zile zile kama 30 kila mara, zizoee hizo. Majani mawili mawili yanayotazamana na kijikofia katikati ya vikonyo, yaani stipuli inayounganisha kikonyo na kikonyo, fikiria Rubiaceae, familia ya kahawa. Sehemu za ua zinazokwenda tatu tatu, majani yamepangika pande mbili za tawi, gome lina nyuzi na harufu, fikiria Annonaceae, ya mstafeli. Inua jani kwenye jua, ukiona vitobo vya mwanga vidogo vidogo na ukilisugua linanukia, nenda Rutaceae au Myrtaceae. Utomvu mweupe unakupeleka Apocynaceae, Moraceae, Euphorbiaceae na chache nyingine.

Ukishapata familia tumia ufunguo wa utambuzi (mlolongo wa maswali ya kuchagua moja kati ya mawili) uliomo kwenye vitabu vya flora, yaani vya mimea yote ya eneo lako. Kwa Afrika Mashariki ipo Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kutoka 1952 na kukamilika 2012, kusini yake kuna Flora Zambesiaca, kwa Asia ya kusini mashariki Flora Malesiana. Ufunguo ukikufikisha mahali ambapo chaguo zote mbili hazikubali, rudi nyuma ujaribu upya, umekosea kusoma mara tisa kati ya kumi. Hiyo moja iliyobaki ndo tunayoitafuta.

6. Tafuta jina lililopo, utafute kweli kweli

Hatua hii ndo ndefu kuliko zote na ndo watu wanairuka.

Fungua tovuti ya Plants of the World Online, toa orodha ya spishi zote za jenasi hiyo kwa eneo lako na nchi jirani. Usiishie kwenye mpaka wa nchi, mimea haina pasipoti. Alafu fungua IPNI, orodha ya mtandaoni ya majina ya mimea, uone majina yote yaliyowahi kuchapishwa kwenye jenasi hiyo, pamoja na yaliyofutwa, sababu spishi "yako" inaweza kuwa ilielezwa 1905 kwa jina ambalo baadaye mtu aliliunganisha na jingine kimakosa. Hapo si spishi mpya, hapo unarudisha jina la zamani, na hiyo ni kazi ya heshima ile ile.

Kwa kila jina linalokaribia, soma maelezo yake ya kwanza kabisa (wenyewe tunayaita protologi). Mengi ya zamani yapo bure Biodiversity Heritage Library. Yatakuwa kwa Kilatini, ndio, lakini Kilatini cha mimea ni maneno mia mbili yanayojirudia, unayazoea. Kisha angalia picha ya sampuli taipu, JSTOR Global Plants na tovuti za hebariamu zenyewe wameskani nyingi mno. Taipu ndo sampuli ambayo jina limegongomelewa nayo, maelezo yakikinzana na taipu, taipu ndo inashinda.

Baada ya hapo nenda hebariamu kwa miguu yako, toa mafaili yote ya jenasi hiyo, angalia na faili la zisizotambuliwa mwisho kabisa. Mara nyingi sampuli ya pili ya spishi yako imelala humo.

Nikuonyeshe kwanini nasisitiza. Mwanzoni kabisa nilikusanya vichaka viwili vya Psychotria, jenasi ya Rubiaceae, vilivyoota hatua chache toka kimoja hadi kingine. Majani sawa, maua meupe sawa, ila kimoja stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) ilikuwa imechomoza nje ya ua na stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zimejificha ndani ya mrija, cha pili kinyume chake, stameni nje na stigma chini. Tofauti ilikuwa wazi mno, nikajaza karatasi mbili kama spishi mbili, na moja nikaandika kabisa kuwa ni mpya. Mzee mmoja wa hebariamu akachukua ua toka kila karatasi, akayachemsha kidogo, akayapasua kwa sindano mrija kuanzia juu mpaka chini akayalaza wazi chini ya hadubini, alafu akaniita nitazame bila kusema kitu. Nilipoangalia kwa utulivu, stameni za ua la kwanza zilikaa kimo kile kile cha stigma ya ua la pili, na stigma ya la kwanza kwenye kimo cha stameni za la pili. Ni spishi moja yenye maua ya namna mbili, kila mmea una namna yake, ili chavua ivuke toka mmea hadi mmea. Rubiaceae wanafanya hivo sana. Toka siku ile sijawahi kuamini tofauti niliyoiona kwenye mmea mmoja mmoja.

Mitego mingine ya aina hiyo: miti dume na miti jike ya spishi moja (Diospyros kwa mfano), ambayo maua yake hayafanani, majani ya kivulini makubwa na laini dhidi ya ya juani madogo na magumu, na maua yanayobadilika rangi yakizeeka kama Brunfelsia, zambarau leo, jeupe baada ya siku chache.

7. Pima

Chukua sampuli zote ulizonazo za spishi yako na za jirani zake wa karibu, pima vitu vile vile kwa zote. Urefu na upana wa jani, kikonyo, idadi ya jozi za mishipa ya pembeni, sepali (vijani vya nje vya ua), petali (za ndani, zenye rangi), mrija, stameni, ovari (kifuko kinachokuwa tunda), tunda, mbegu. Pima majani kumi toka karatasi kumi tofauti badala ya majani kumi ya tawi moja. Ua lililokauka lichemshe dakika chache kwenye maji yenye tone la sabuni, litafunguka kama lilivyokuwa.

Andika kwa masafa. Ukiona "(3–)5–8(–11) sm" maana yake kawaida ni 5 mpaka 8, ila limeonekana dogo la 3 na kubwa la 11.

Unatafuta tofauti mbili au zaidi ambazo hazifuatani (jani refu na kikonyo kirefu ni tofauti moja tu, vinakwenda pamoja), zinazoonekana kwenye sampuli ZOTE za upande mmoja na hazionekani upande wa pili. Ukubwa peke yake ni dhaifu. Rangi peke yake ni dhaifu zaidi. Vinyweleo ni vizuri kama vinatofautiana kwa umbo, mfano vya nyota dhidi ya vya kawaida, wingi tu hautoshi. Umbo la tunda, mpangilio wa maua, idadi ya vyumba kwenye ovari, hizo zina uzito.

DNA si lazima. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea haiitaki. Inasaidia pale umbo linapokuacha njia panda au unapodhani una jenasi mpya, ila DNA bila kupima majani ni kama kumjua mtu kwa alama za vidole bila kuwahi kumwona sura.

8. Andika dayagnosisi na maelezo

Dayagnosisi ni sentensi mbili tatu zinazosema: inafanana na nani, inatofautiana naye kwa nini. Maelezo ni mmea mzima toka juu hadi chini.

Mfano wa kubuni wa dayagnosisi: "Inafanana na spishi A kwa majani yenye vinyweleo vya nyota chini na maua matatu matatu kwapani, lakini inatofautiana kwa mishipa ya pembeni jozi 6–8 (dhidi ya 11–14), kikonyo cha tunda mm 20–30 (dhidi ya mm 3–6), na tunda lenye miinuko mitano (dhidi ya laini)." Umeona? Kila tofauti ina mwenzake kwenye mabano. Watu wanaandika "majani ni madogo zaidi" alafu wanaishia hapo, madogo kuliko nini?

Maelezo yafuate mpangilio uliozoeleka: umbo la mmea na kimo, gome na matawi, stipuli, majani, mpangilio wa maua, ua toka nje kwenda ndani (sepali, petali, stameni, ovari), tunda, mbegu. Ukitaka kulinganisha chukua maelezo mazuri ya spishi nyingine ya jenasi hiyo hiyo ufuate mifupa yake, sio maneno yake.

ANGALIZO LA LUGHA: toka 1 Januari 2012 dayagnosisi au maelezo yanakubalika kwa Kilatini au Kiingereza. Kabla ya hapo, toka 1935, ilikuwa Kilatini tu. Makala yenyewe unaweza kuandika Kiswahili chote na ningefurahi kuiona, ila ile sehemu moja lazima iwe kwa moja ya lugha hizo mbili, vinginevyo jina halijazaliwa.

Tafuta mchoraji. Picha ni nzuri kwa rangi, lakini mchoro wa wino wenye ua lililopasuliwa, kinyweleo kilichokuzwa na kipimo pembeni unaonyesha kitu ambacho kamera haikioni. Anayejua kuchora mimea mlipe na umwandike jina.

9. Chagua jina

Jina la pili (la kwanza ni la jenasi) linaweza kutoka mahali (Coffea kihansiensis, toka korongo la Kihansi), sifa ya mmea, au mtu. Mtu akiwa mwanaume kwa kawaida linaishia -i au -ii, mwanamke -ae au -iae, wengi -orum au -arum. Likiwa sifa lifuate jinsia ya jenasi, na jinsia ya jenasi haitabiriki kwa macho: Ficus inaishia -us lakini ni ya kike. Uliza mtu anayejua, usibahatishe.

Jina la mama yako? Ruksa, hakuna kanuni inayokataza. Lako mwenyewe, kanuni haikatazi pia ila haifanywi, niamini. Wengine wanatumia jina la mtu maarufu kuvuta macho kwenye msitu ulio hatarini, kama Uvariopsis dicaprio ya msitu wa Ebo Kameruni, 2022, na mimi naona ni sababu nzuri. Angalia IPNI kama jina hilo lilishatumika ndani ya jenasi hiyo, hata kama lilifutwa huwezi kulitumia tena. Usirudie jina la jenasi kama jina la spishi, kwenye mimea haikubaliki. Na epuka neno la kudhalilisha watu, kongamano la kimataifa la wanabotania la Madrid la 2024 limeshabadilisha majina yote ya "caffra" kuwa "affra".

10. Teua holotaipu

Holotaipu ndo sampuli taipu unayoiteua wewe kubeba jina lako jipya. Karatasi MOJA, mkusanyo mmoja, hebariamu moja uliyoitaja kwa jina au kodi yake (K ni Kew, EA ni Nairobi, DSM ni Dar es Salaam), na neno "holotypus" au linalolingana nalo liandikwe waziwazi. Nakala nyingine za mkusanyo huo huo zinakuwa aisotaipu, zitawanye kwenye hebariamu tofauti, nchi tofauti. Hebariamu ya Berlin iliungua Machi 1943 kwa mabomu, na taipu nyingi za mimea ya Afrika zilikwenda na moto. Tunazofanyia kazi leo ni nakala zilizokuwa zimetumwa kwingine. Hii ndo ile sababu ya nakala tano.

KOSA LINALOUA JINA: ulikusanya maua mwezi wa tatu, ukarudi mwezi wa kumi ukapata matunda, ukaandika zote mbili ni holotaipu. Hiyo ni mikusanyo miwili hata kama mti ni ule ule, na jina halitahesabika. Chagua mmoja, wa pili utaje kama parataipu, yaani sampuli ya ziada isiyobeba jina.

Na holotaipu ibaki hebariamu ya nchi ulikotoka mmea, au angalau aisotaipu nzuri ibaki. Kizazi kinachofuata kisiombe viza kwenda kuona mmea wa kwao.

11. Ramani na hali ya hatari

Weka koodineti zote kwenye GeoCAT, zana ya mtandaoni, itakupa eneo la mtawanyiko na eneo la ukaaji, uyalinganishe na vigezo vya hatari ya kutoweka vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Mfano, eneo la ukaaji chini ya km² 10 liko ngazi ya hatari kubwa kabisa, ila eneo dogo peke yake halitoshi, lazima uonyeshe na tishio: kilimo, mkaa, mgodi, moto. Kwa okidi na mimea mingine inayouzwa ficha koodineti kamili. Wezi wa mimea wanasoma majarida.

12. Chapisha

Jarida la karatasi, au PDF ya mtandaoni yenye ISSN au ISBN. Phytotaxa, PhytoKeys, Kew Bulletin, Novon, Blumea na mengine yapo, mengine hayachaji mwandishi. Bango la mkutano halihesabiki, ripoti ya mradi iliyochapwa nakala chache za ofisini usiitegemee, na picha yenye jina jipya mitandaoni ndo kabisa. Mpaka siku ya kuchapishwa iite "sp. A" kila mahali, jina likivuja bila maelezo linabaki kelele tu na linakuvurugia. Likishatoka hakikisha IPNI wameliandika, na hebariamu zote zilizopata nakala zimebandika lebo mpya.

Ukikwama

*Nina sampuli moja tu.* Inawezekana kuelezea spishi kwa sampuli moja, imefanyika mara nyingi, lakini tofauti ziwe kubwa na uwe umerudi kuitafuta tena.

*Tunda sijalipata.* Andika wazi "tunda halijaonekana". Usikisie kutoka kwa jirani.

*Sampuli imepata ukungu.* Futa taratibu kwa brashi yenye alkoholi, kausha upya, usiitupe. Lebo ikiwa nzima sampuli mbovu bado ni ushahidi.

*Hebariamu ya mbali haijibu.* Tafuta mtaalamu wa jenasi hiyo mwenyewe, soma nani kachapisha miaka ya karibuni, mwandikie kwa ufupi na picha tatu: tawi, ua lililopasuliwa, chini ya jani. Wengi wanajibu kwa furaha, mtu aliyekaa miaka 20 na jenasi moja hapati watu wa kuizungumza naye kila siku.

*Mhakiki anasema ni spishi ya zamani.* Kapime tena na sampuli anayoitaja yeye. Akiwa sahihi, umeongeza rekodi ya mahali papya, ichapishe hivo. Akiwa hayuko sahihi, jedwali lako la vipimo ndo litamjibu.

*Mwingine kaniwahi.* Jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndo linashika. Mpelekee sampuli zako, mara nyingi anakuwa na mbili, we unazo sita, na yeye hajawahi kuona tunda.

*Msitu wenyewe umeshafyekwa.* Endelea. Vepris bali wa Kameruni ulikusanywa 1951, ukapewa jina 2018, na wakati unapata jina ilishaonekana huenda umetoweka. Lakini sasa mtu anayepita kwenye mabaki ya msitu ule, akaona mti wenye jani lile, ana kitu cha kulinganisha na ana jina la kuandika kwenye daftari.